Mdomo Umeshonwa, Meno Je?



Njia iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo hadi Unyanyembe, kisha ikaendelea mpaka Ujiji, zamani ilipimwa kwa miguu ya wapagazi. Burton na Speke walitoka pwani mwezi Juni 1857, wakaingia Kazeh, mahali ambapo leo ni sehemu ya Tabora, tarehe 7 Novemba mwaka huohuo. Ilikuwa safari ya miezi karibu mitano, na pembe za ndovu, vitambaa, shanga na nyaya za shaba vilibebwa vichwani na mabegani, sehemu kubwa na Wanyamwezi wenyewe. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, miezi ile ikageuka kuwa siku. Mwaka 1928 njia nyingine ya reli ikafika Mwanza, na tangu hapo Tabora ikawa njia panda ya treni kama ilivyokuwa njia panda ya misafara.

Njia hizo hazijaacha kupitwa na mizigo. Miongoni mwa mizigo inayopita huko hata leo umo mzigo mmoja mwepesi kwa uzito lakini mzito sana kwa aubebaye, nao ni mtoto mchanga aliyezaliwa na ufa katika mdomo wa juu, au katika kaakaa, au katika vyote viwili. Mama yake anatoka Kaliua, Sikonge, Uyui au Urambo, naye anampeleka Bugando au Muhimbili akashonwe. Mazungumzo haya hayakusudii kueleza upasuaji huo. Upasuaji una mabingwa wake, na sifa zao zinajulikana. Yanakusudia kueleza jambo linaloanza siku mama anaporudi nyumbani akiwa na furaha, mtoto amefumbwa mdomo, na majirani wanakuja kutazama. Hakuna anayefikiri kuangalia kilichomo nyuma ya ule mshono.

Yafaa kwanza kusema ufa huu ni kitu gani, kwa sababu uongo juu yake ni mwingi. Mdomo wa mtoto hufanyika tumboni kati ya wiki ya 4 na ya 7 ya mimba, na kaakaa kati ya wiki ya 6 na ya 9, yaani wakati ambapo wanawake wengi hawajajua hata kama wameshika mimba. Nyama za pande mbili za uso husogeleana na kuungana katikati. Zisipoungana, ufa hubaki. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, mtoto mmoja katika kila watoto 1,000 hadi 1,500 huzaliwa na hali hiyo. Chanzo chake ni mchanganyiko wa urithi na mambo ya mazingira, na uvutaji wa sigara wakati wa mimba ni mojawapo ya mambo yanayojulikana kuongeza hatari. Mama hakurogwa, wala hakumcheka mlemavu. Wala mtoto huyo si sungura, ingawa mitaani huitwa "mdomo sungura". Na hapa kuna jambo la kushangaza kidogo: katika ngano za wazee sungura ndiye mwerevu anayewashinda simba na fisi, lakini jina lake likifika kwenye uso wa mtoto hugeuka kuwa kejeli.

Sasa kuhusu meno. Tafiti nyingi zilizofanywa katika nchi mbalimbali zimeonyesha kuwa watoto waliozaliwa na ufa wa mdomo na kaakaa hupatwa na kuoza kwa meno zaidi kuliko watoto wenzao, katika meno ya utotoni na katika meno ya ukubwani pia. Kwa nini iwe hivyo? Je, ufa wenyewe huozesha meno? La hasha. Meno ya mtoto huyu yanaozeshwa na kitu kilekile kinachoozesha meno ya mtoto yeyote. Vijidudu vilivyomo kinywani hula sukari na kutoa tindikali, na tindikali hiyo hulainisha ganda gumu la jino. Kila mtoto anapokula kitu kitamu, kinywa hubaki na ukali wa tindikali kwa muda wa karibu nusu saa, kisha mate huanza kazi ya kusafisha na kutengeneza. Mtoto akila tena kabla mate hayajamaliza kazi, jino halipati nafasi ya kupona. Kwa hiyo hesabu iliyo kubwa kuliko zote ni ya mara ngapi kwa siku sukari imeingia kinywani. Vijiko vingapi vimetiwa kwa mara moja ni hesabu inayofuata.

Tofauti ni kwamba mtoto mwenye ufa anaingia katika vita hiyo akiwa na silaha pungufu. Mara nyingi ufa hupita katikati ya ufizi wenyewe na kuukata ukingo wa taya. Jino linaloota kando ya ufa, hasa lile la pili kutoka katikati, huenda likatokeza likiwa dogo, limepinda, au ganda lake likiwa jembamba na lenye mabaka. Pengine halioti kabisa, na pengine yanaota mawili mahali pa moja. Meno yaliyobanana namna hiyo hushikilia chakula. Mdomo ulioshonwa nao huacha kovu linalokaza, na kovu hilo huzuia mswaki usifike juu ya meno ya mbele. Ikiwa kaakaa bado liko wazi, maziwa na uji hupanda puani na kushuka tena, na mabaki yake hukaa kinywani kwa muda mrefu.

Juu ya hayo yote iko hofu ya mama, na hofu hii haisemwi sana. Mama aliyekesha hospitali akiambiwa asiguse mshono, anarudi nyumbani na amri hiyo moyoni, na miezi sita baadaye bado haugusi. Anamwosha mtoto uso, mikono na miguu, lakini kinywa anakiacha. Akijaribu kupitisha mswaki na damu kidogo ikatoka kwenye ufizi, anautupa, akiamini kuwa amekichana kile ambacho daktari alikishona. Kumbe damu ile mara nyingi ni dalili ya ufizi uliovimba kwa sababu haujasafishwa. Mama huyu hastahili lawama. Alipewa nusu ya maelezo, akaifuata nusu hiyo kwa uaminifu.

Halafu kuna huruma. Mtoto mwenye ufa wa kaakaa hawezi kunyonya kwa nguvu, kwa kuwa kinywa chake hakishiki hewa kama chupa yenye ufa isivyoshika maji. Hunyonya kidogo, huchoka, hulia, hulala na njaa. Njia iliyo salama ni kukamua maziwa ya mama na kumnywesha kwa kikombe kidogo na kijiko, akiwa amekalishwa wima, polepole, mara nyingi. Lakini uzito usipopanda, jamaa huanza kushauri. Mmoja anasema uji utiwe sukari zaidi ili mtoto apate nguvu. Mwingine analeta asali. Na Tabora, ndugu wananchi, asali haiko mbali. Misitu ya miombo ya Sikonge na Urambo imeufanya mkoa huu ujulikane kwa asali, na ni bidhaa ya kujivunia. Lakini kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asali haifai kabisa, hata ya kulambishwa, kwa sababu yaweza kuwa na mbegu za kijidudu kinachotoa sumu ya kupooza misuli. Na kwa meno ya mtoto wa umri wowote, asali ni sukari. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, huiweka asali na juisi ya matunda katika fungu moja na sukari ya dukani. Embe lenyewe, likiliwa zima kama lilivyo, halimo katika fungu hilo, na wenyeji wa mji wenye miembe mingi kama Tabora wana haki ya kufurahi.

Mtoto akikua kidogo, huruma hiyo hugeuka kuwa pipi, soda na kashata. Aliteseka sana, wanasema, mwacheni afurahi. Nyanya humpa, mjomba humpa, na mwenye duka naye humwongeza moja kwa bure. Kwa hiyo mtoto yule ambaye meno yake ni dhaifu kuliko ya wenzake ndiye anayepewa utamu mara nyingi kuliko wenzake.

Pengine mtu atauliza: meno ya utotoni si yatang'oka tu? Kuna haja gani ya kuyahangaikia? Swali hili ni la haki, na jibu lake ndilo kiini cha mazungumzo haya. Kwa mtoto mwenye ufa unaokata ufizi, kushona mdomo na kaakaa si mwisho wa matibabu. Katika umri wa miaka 8 hadi 11 hivi, kabla chonge la ukubwani halijashuka, madaktari huchukua kipande cha mfupa, mara nyingi kutoka nyongani, na kukipandikiza katika ule ufa wa taya ili chonge lipate mahali pa kuota na pua ipate nguzo. Kazi hiyo huhitaji kinywa kisicho na usaha wala meno yaliyooza, kwa sababu uchafu huo waweza kuuharibu mfupa uliopandikizwa. Mtoto akifika hapo na meno yamekwisha, daktari hana budi kuahirisha. Zaidi ya hayo, mfupa wa taya huishi kwa sababu ya jino. Jino lililo kando ya ufa likiong'olewa mapema, mfupa mdogo uliokuwa umelizunguka nao hunyauka, na ufa ambao ungeweza kuzibwa unazidi kupanuka. Na kuna usemi wenyewe. Mtoto huyu tayari anapigana na sauti zinazopita puani. Akiyapoteza na meno ya mbele, atatamkaje "fedha", "thamani" au jina la mwalimu wake? Darasani wapo wa kumcheka, na kuna watoto wanaoacha shule kwa sababu ya kicheko tu.

Kuhusu chonge, liko jambo jingine la kusemwa bila kuficha. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilienea nchini imani ya "meno ya nailoni", ambayo wengine huyaita "meno ya plastiki". Mtoto mchanga akipata homa, akitapika au akiharisha, hufunuliwa ufizi na kuonyeshwa uvimbe mweupe, kisha uvimbe huo huchimbuliwa kwa wembe au kwa spoku ya baiskeli. Kinachotolewa si nailoni. Ni chonge changa la mtoto ambalo halijaota. Watoto wametokwa na damu nyingi, wamepata usaha na pepopunda, na mbegu ya jino la ukubwani iliyo chini yake huharibiwa pia. Mtoto mwenye ufa wa kaakaa, ambaye huugua na kukonda upesi kwa sababu ya shida ya kula, ni rahisi kupelekwa kwa mtu wa namna hiyo. Na jino atakalonyang'anywa ni lilelile ambalo miaka 10 baadaye madaktari wangelitengenezea mahali pa kuota.

Je, kinga yake ni kazi ya mji mkuu? Mtu anayezungumzia afya ya meno kwa kawaida hufikiriwa kuwa anaomba kiti cha umeme, mashine ya kusaga jino na bingwa kutoka mbali. Mabingwa hakika wanahitajika. Mwaka 1957 huduma ya madaktari warukao ya Afrika Mashariki ilianzishwa na madaktari watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, na wote watatu walikuwa mabingwa wa upasuaji wa kurekebisha maumbile. Hata leo wako wapasuaji wanaosafiri kwenda hospitali za mikoani na kushona watoto wengi kwa siku chache. Lakini mpasuaji huondoka, na jino huoza polepole kwa miezi mingi baada ya ndege yake kuruka. Anayebaki ni mama, na muuguzi wa zahanati.

Na muuguzi huyo humwona mtoto mara nyingi kuliko daktari yeyote. Yafaa kulitazama jambo hili kwa makini, maana kadi ya kliniki yenyewe inaonyesha njia. Mtoto huletwa kwa chanjo akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Huo ndio wakati ambao mwenye ufa wa mdomo huandaliwa kushonwa, ikiwa uzito na damu vinaruhusu. Kati ya chanjo ya wiki 14 na ile ya surua ya miezi 9, jino la kwanza huota. Chanjo ya surua hurudiwa katika miezi 18, na katika kipindi hicho cha miezi 9 hadi 18 ndipo kaakaa hushonwa kwa kawaida. Kalenda tatu, ya chanjo, ya upasuaji na ya meno, zinakwenda sambamba, na mtoto huyohuyo huja kila mwezi kupimwa uzito. Hapahitajiki safari mpya wala jengo jipya. Kinachohitajika ni muuguzi, baada ya kumtoa mtoto kwenye mizani, aunyanyue mdomo wa juu kwa kidole na kutazama. Doa jeupe kama chaki karibu na ufizi ndiyo dalili ya kwanza ya kuoza, na katika hatua hiyo jino bado laweza kuokolewa kwa floraidi. Doa la kahawia lenye shimo ni hatua ya pili.

Hata shimo likiwapo, Tanzania ina sababu ya kutokata tamaa, tena sababu iliyozaliwa hapahapa. Katikati ya miaka ya 1980, katika mpango wa afya ya meno wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ambao Mholanzi Jo Frencken alishiriki, ilijaribiwa njia ya kutibu jino bila umeme na bila mashine. Sehemu laini iliyooza huondolewa kwa vyombo vya mkono, na shimo huzibwa kwa saruji ya meno iitwayo glasi-ionoma, ambayo hushikamana na jino na kutoa floraidi kidogo kidogo. Njia hiyo ikapimwa Thailand na Zimbabwe katika miaka ya 1990, na Shirika la Afya Duniani likaitangaza Siku ya Afya Duniani ya mwaka 1994. Leo inatumika katika mabara yote. Mwaka 2021 saruji hiyo, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi na dawa ya maji ya fedha na floraidi inayopakwa kusimamisha kuoza, viliingizwa katika orodha ya shirika hilo ya dawa za lazima. Ile dawa ya fedha hulitia jino weusi mahali palipooza, na mzazi lazima aambiwe mapema asije akashtuka. Lakini mtoto hachomwi sindano wala hasikii mashine. Ingekuwa ajabu kubwa ikiwa matibabu yaliyoanzia Tanzania yangefahamika zaidi Bangkok kuliko Sikonge.

Wenye umri watakumbuka kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973. Wananchi walikaa vikundi vikundi kando ya redio, wakasikiliza, wakajadili, kisha wakaondoka kwenda kuchimba vyoo. Ilihusu malaria, safura, kichocho, kifua kikuu na kuhara. Watu wapatao milioni 2 walishiriki, wengi wao wakiwa wakulima wa kawaida. Kampeni ile ilifaulu kwa kuwa kila somo lilikuwa na kazi ambayo mtu angeweza kuifanya kesho yake kwa mikono yake.

Kazi ya meno ya mtoto mwenye ufa nayo ni ya namna hiyo. Kabla ya jino kuota, ufizi hufutwa kwa kitambaa safi kilicholowa maji, kila baada ya mtoto kunyweshwa. Jino la kwanza likitokeza, mswaki mdogo wenye nywele laini huanza mara mbili kwa siku, na mara ya usiku ndiyo isiyokosekana, ukiwa na dawa yenye floraidi kiasi cha punje ya mchele. Kuanzia miaka 3 kiasi hicho hufikia punje ya njegere. Mzazi huketi, humlaza mtoto kichwa kikiwa mapajani, huunyanyua mdomo wenye kovu kwa kidole cha mkono mmoja na kupiga mswaki kwa mkono mwingine, pole pole, kuanzia kwenye ufa wenyewe, maana hapo ndipo pabaya zaidi. Kazi hii ni ya mtu mzima mpaka mtoto afikie miaka 7 au 8. Baada ya kila upasuaji, mzazi amwulize daktari waziwazi, kabla ya kuondoka wodini, ni siku ya ngapi aanze tena kupiga mswaki, na siku hiyo iandikwe kwenye kadi. Asikubali kuambiwa tu "usiguse". Uji usiwe na sukari, au uwe nayo wakati wa mlo tu. Baada ya mswaki wa usiku, kinachoingia kinywani ni maji peke yake.

Walimu wa darasa la kwanza nao wanahusika, kwa sababu gego la kwanza la ukubwani huota nyuma kabisa mtoto akiwa na miaka 6 hivi, bila jino lolote kung'oka kulipisha, na wazazi wengi hulidhania kuwa ni la utotoni. Huoza likiwa halijajulikana. Mtoto mwenye kovu mdomoni anapoandikishwa shule, huo ndio wakati wa kumpeleka kwa tabibu wa meno Kitete au katika hospitali ya wilaya, hata kama hasikii maumivu yoyote, na kuuliza kama jina lake limeshaandikwa kwa ajili ya ule mfupa wa miaka 8.

Mama atakayeshuka stesheni ya Tabora wiki hii na mtoto aliyeshonwa juzi, bado ana safari ya basi au ya baiskeli mpaka kijijini kwake. Atafika jioni, wageni watakuwa wengi, na baadhi yao watakuwa wameleta pipi. Kitambaa safi na kikombe cha maji yaliyochemshwa viwekwe karibu na kitanda kabla giza halijaingia.